Wafadhili wanataka niache kazi ya kaunti niongoze kituo chao cha tiba kazi. Nifanyeje?

Bi Mshauri, assalaam aleikum, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Lamu, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nilisomea tiba kazi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kwa diploma, na sasa nimeajiriwa na kaunti kwa masharti ya kudumu yenye pensheni. Wengi hutuchanganya na wenzetu wa fizio, kwa hivyo nieleze kidogo. Mtu akipigwa na kiharusi, wa fizio atahangaika naye mpaka asimame atembee. Mimi nitamuuliza anataka kutembea aende wapi, akafanye nini, kisha tuanzie hapo: kuvaa, kula, kutawadha, kurudi dukani kwake. Na watoto wenye mtindio wa ubongo, nawafunza mama zao namna ya kuwakalisha na kuwalisha wasipaliwe.

Chumba changu kimepakana na stoo ya hospitali. Kuna meza, mkeka, kioo kimoja, na viti vya watoto nilivyovitengeneza mwenyewe kwa makaratasi ya maboksi na gundi ya unga. Kila Alhamisi huja akina mama na watoto wao. Wa Pate na Faza hupanda boti alfajiri. Kusi likivuma huwa hawaji, na simlaumu mtu.

Sasa kisa chenyewe. Miaka kadhaa iliyopita lilikuja kundi la wataalamu wa tiba kazi kutoka Uingereza. Walikuwa likizoni, mmoja wao akapita hospitalini kusalimia, tukafahamiana. Tangu hapo huja kila mwaka kwa wiki mbili hivi na mabegi ya vifaa. Sitawasema kwa ubaya tu. Ni wao walionifunza vizuri kuunda mabanzi ya mkono kwa ile plastiki inayolainishwa katika maji ya moto, na hadi leo nikikwama na mgonjwa huwaandikia usiku, wakanijibu.

Lakini kuna mambo yananikera. Walileta viti vya magurudumu vilivyotumika kwao, vya watu wazima wenye miili mikubwa, wakawapa watoto wadogo. Vyengine havipiti hata vichochoroni kwetu, ambako punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Kuna mzee mmoja wa mtaa wa Langoni, mshonaji wa kofia, aliyepooza upande wa kulia. Wakampa kijiko chenye mpini mnene, wakamfunza kula kwa kushoto, wakapiga picha, wakaondoka. Yule mzee aliacha kula na wenzake. Akawa anapelekewa sahani chumba cha ndani na kuwageuzia watu mgongo. Sheikh alimwambia mwenye udhuru hana lawama, lakini mwenyewe moyo ulikataa. Nilianza naye upya: mkono wa kushoto unaubeba wa kulia, mjukuu anashika kiwiko, tonge linafika kinywani. Inachukua muda, nusu inamwagika, lakini amerudi kwenye sinia. Katika ripoti yao waliandika kuwa mzee huyo "hajitegemei", kwa kuwa mkewe ndiye humwogesha. Mkewe nilipomtafsiria alicheka, akaniuliza kwani huko kwao nani huwaogesha waume zao wakiugua?

Sasa wamechanga fedha. Wanataka kujenga kituo cha tiba kazi, upande wa kwenda Shela, na wana fedha za miaka mitatu. Wameniomba niwe mratibu kwa mshahara unaozidi mara mbili ninaoupata. Sharti lao ni niache kazi ya kaunti kabisa, kwani wanasema mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Wamedokeza pia kuwa mradi ukienda vizuri watanisomesha shahada kwao.

Mume wangu anasema bahati haibishi hodi mara mbili. Mama yangu anasema kazi ya serikali haiachwi. Mkubwa wangu kazini ameniambia wazi kuwa nikitoka hana hakika nafasi yangu itajazwa lini. Nikiwaza wale akina mama wa Alhamisi nahisi kama nitawauza. Nikiwaza ada za watoto nahisi nawaonea wanangu. Na nikiwaza mradi ukiisha nikawa sina huku wala kule, usingizi unaruka.

Niwajibu mwisho wa mwezi. Nisaidie.

Niliye njia panda, Lamu

JIBU

Waaleikum salaam, na marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma hapa Malindi mara ya kwanza nikiwa na hasira kwa niaba ya yule mzee wa kofia, nikaiweka, nikairudia nimetulia. Niliyoyaona mara ya pili ni haya: unauliza swali moja, lakini ndani yake yamo mawili. La kwanza ni lako na la nyumba yako, nalo ni wapi upate riziki na wapi ukue katika fani. La pili ni la watu wa Lamu: huduma hii iwe ya nani, ikae wapi, na ibaki vipi wageni wakishapanda ndege pale Manda. Wafadhili wako wameyafunga pamoja, ukitaka moja uchukue na jengine. Wewe nawe umeyapokea hivyo hivyo. Mimi ningeyafungua kwanza.

Nianze na hilo la kuwauza akina mama. Nakuelewa, nilikuwa muuguzi wa jamii kabla ya kustaafu na najua uzito wa mtoto anayeletwa kwa boti. Lakini hebu jiulize kwa upole: ikiwa wewe kuugua wiki mbili ni huduma kufungwa wiki mbili, je, hiyo ni huduma ya kaunti au ni huruma yako? Sikulaumu, nakusifu. Ila nakuomba usijibebeshe peke yako deni ambalo ni la waajiri wako. Tangu 2013 hospitali hizi ziko mikononi mwa kaunti, na nafasi yako ikikaa tupu mwaka mzima baada yako, wa kuulizwa ni wenye kuajiri. Mkubwa wako alipokwambia hana hakika itajazwa lini alikuwa anasema kweli, lakini pia alikuwa anakuwekea mzigo wake begani.

Kwa upande wa pili, hawa Waingereza. Umewaeleza kwa haki, na nimependa ulivyosema mabaya na mazuri. Nikuongezee jambo ambalo huenda hawakuwahi kukuhadithia: kazi hii hata kwao ilikuja kwa meli. Chama cha kwanza cha fani kiliundwa Marekani mwaka 1917. Scotland ilimpata mtaalamu wake wa kwanza mwenye cheti, Margaret Fulton, alipoanza kazi Aberdeen mwaka 1925, naye alikuwa amesomea Philadelphia. Daktari Elizabeth Casson alikwenda Marekani akaiona kazi hiyo, kisha mwaka 1930 akafungua chuo, Dorset House, kule Bristol. Tazama walivyofanya. Hawakukaa wakisubiri Wamarekani waje kila mwaka na mabegi. Walikwenda wakajifunza, wakarudi wakafungua chuo chao, wakawa na wanafunzi wao na nafasi za kazi katika hospitali zao. Shirikisho la dunia la tiba kazi lilipoundwa mwaka 1952, katika nchi kumi zilizolianzisha Afrika ilikuwa na Afrika Kusini peke yake. Leo Kenya ina KMTC na ina chama chake cha wataalamu, na jirani zetu wa Tanzania wanafundisha pale hospitali ya KCMC, Moshi. Sisi si shamba tupu. Ninachotaka ukione ni kwamba huduma hii hukaa pale inapopata watu wa kuirithi na bajeti ya kuilipa, na hivyo vitu viwili sikuviona katika maelezo ya kituo chao. Huenda vimo. Umeuliza?

Hapo ndipo barua yako iliponishangaza kidogo. Umenieleza waliyoyataka wao yote, lakini sikuona popote ulipowaambia unayoyataka wewe. Umelichukua toleo lao kama hati iliyokwisha pigwa muhuri. Mwanangu, wewe ndiye wanayemhitaji! Bila wewe hawana lugha, hawana wagonjwa, hawana wa kuwafungulia milango ya Langoni wala wa kuwaambia kwamba mtu hagongi nyumba ya watu saa ya adhuhuri. Mtu wa namna hiyo anaweza kuweka masharti mezani bila kuvunja adabu.

Ningetaka kujua, kwa mfano, jengo litaandikwa jina la nani. Miaka mitatu ikiisha, funguo atapewa nani? Mafaili ya wagonjwa yatakuwa ya hospitali au ya mradi? Kwa nini upande wa Shela? Nisiwadhanie vibaya, lakini Shela ndiko wageni wanakofikia, na mama wa Hindi au Mpeketoni mwenye mtoto mgongoni atapita Mokowe, avuke kwa boti, kisha aanze safari nyingine. Kama fedha hizo hizo zingejenga vyumba viwili ndani ya ua wa hospitali, au zingelipia boti ya kuwafuata watoto Faza na Kizingitini mara moja kwa mwezi, je, wangekataa? Wakikataa, utakuwa umejifunza jambo. Wakikubali, umejifunza jambo kubwa zaidi.

Na hili sharti la mabwana wawili nalo si amri ya Mungu. Mtumishi wa umma huweza kuomba likizo isiyo na malipo, na yako pia mambo ya kuazimwa, ambapo mtu hufanya kazi kwengine huku nafasi yake ikihifadhiwa. Sikuhakikishii utapewa, hutegemea ofisi ya watumishi ya kaunti na siku waliyoamkia. Lakini kuomba kwa maandishi hakukugharimu chochote. Kaunti ikikuazima, mradi ungelazimika kutia saini makubaliano na hospitali, na hapo kituo kingekuwa na baba wawili badala ya mmoja anayeishi ng'ambo. Hatari yake nayo ipo: pande mbili zikivutana, atakayekatika ni wewe. Uwe na barua inayosema unaripoti kwa nani katika jambo gani.

Tuseme kaunti inakataa, ni kujiuzulu au kubaki. Mama yako anaogopa, na hofu yake ina msingi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu waliokuwa na mishahara mizuri kwenye miradi ya afya katika nchi hii walirudishwa nyumbani kwa barua, na haikuwa kwa kosa lao. Wafadhili wako ni watu binafsi, si serikali, lakini mchango wa watu wema hupungua pia: mwenye shughuli huugua, huzeeka, hupata mjukuu. Ukiingia, ingia ukijua ni mkataba wa miaka mitatu, wala usiuhesabu kuwa ni kazi ya maisha. Mume wako naye asidharauliwe. Mara mbili ya mshahara kwa miaka mitatu, mkikaa na daftari mkaandika ada, akiba, na michango ya pensheni utakayoikosa, yaweza kuwa na maana. Au yaweza kuyeyuka yote katika maisha ya kuonekana mnazo. Hilo la pili ninyi wawili ndio mnaojijua. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kuendelea kubishana kuhusu bahati.

Kuhusu kusomeshwa Uingereza nitasema machache. "Watanisomesha" na "wamedokeza" haviko sawa. Kama ni ahadi, iandikwe: chuo gani, nani analipa ada, nani analipa chakula na nyumba, na nani anabaki na watoto. Pia ujue kusoma kule hakukupi ruhusa ya kuifanya kazi yako kule. Mtaalamu wa tiba kazi Uingereza lazima asajiliwe na baraza lao linaloitwa HCPC, na diploma ya huku hupimwa kivyake. Nakuambia kwa sababu nimeona wahudumu wa afya kutoka kwetu walioishia kuwa walezi wa wazee kwenye nyumba za kutunzia, taaluma zao zimewekwa sandukuni, na hata mlango huo Waingereza waliufunga kwa waajiriwa wapya kutoka nje mwezi Julai 2025. Ikiwa unalotaka ni kukua katika fani ukiwa Lamu, huenda fedha za mwaka mmoja wa London zingekusomesha wewe na kijana mwengine wa Lamu hapa hapa Afrika Mashariki. Hilo la kijana mwengine ningelishikilia sana. Mkiwa wawili, ndipo wewe utaweza kuugua.

Sasa nirudi kwa mzee wa kofia, maana nadhani kidonda chako kikubwa kiko hapo kuliko kwenye mshahara. Unaogopa kwamba ukiwa mratibu wao utalazimika kuandika "hajitegemei" kwa mkono wako mwenyewe. Jua kwamba hauko peke yako katika kukerwa huko. Mtaalamu wa tiba kazi Michael Iwama na wenzake wa Japani waliliona hilo miaka mingi iliyopita: vipimo vilivyotoka Magharibi vinamchukua mtu kama aliye peke yake, anayetakiwa ajifanyie kila kitu, na kwa wagonjwa wao havikuingia akilini. Wakatunga mfano wao, wakayaeleza maisha ya mtu kama mto, na watu wanaomzunguka wakawa kingo na sakafu ya mto huo. Leo mfano huo unafundishwa hata kwenye vyuo vya wazungu. Na kuhusu hivyo viti vyao visivyopita vichochoroni, Shirika la Afya Duniani liliandika tangu 2008 kwamba kiti cha magurudumu kimfae mtu kwa mwili wake na mahali anapoishi, afunzwe kukitumia, na afuatiliwe baadaye. Hukuwa unadeka. Ulikuwa sahihi kwa mujibu wa vitabu vyao wenyewe.

Lakini je, wao wanajua kwamba yule mzee aliacha kula na wenzake? Barua yako haisemi. Nimehisi kuwa ulinyamaza, kwa heshima ya mgeni tuliyolelewa nayo huku kwetu, na pengine kwa kuhofia mabegi ya vifaa yasije tena. Ikiwa ndivyo, basi wanakuja kila mwaka wakiamini kijiko kilifanya kazi. Watu wanaokujibu usiku ukikwama na mgonjwa si watu wa kushindwa kusikia. Waandikie kisa hicho kama ulivyoniandikia mimi, na cheko la mkewe usilifute. Watakavyolipokea litakueleza utakuwa mratibu wa namna gani: mwenye kauli, au mkalimani anayelipwa vizuri. Ukiona wamekasirika, ni afadhali ulijue wakati bado una kazi. Ukiona wamekuuliza maswali, na pengine wamekuomba uwafunze wao kabla hawajashuka jetini mwaka ujao, mambo yamebadilika, na hapo hata mshahara wenyewe utausoma kwa macho mengine.

Ukibaki ulipo, usibaki kwa huzuni. Kubaki nako kuna kazi yake: kuandika kila Alhamisi walikuja watoto wangapi, kutoka wapi, nani alikosa kwa sababu ya bahari, ili bajeti ya kaunti ikipangwa uwe na karatasi mkononi. Wafadhili wale wanaweza kuendelea kuwa rafiki zako na walimu wako bila kuwa waajiri wako. Wengi wamefanya hivyo na wakadumu. Wengine nawajua waliotoka, wakafanya miaka yao mitatu kwa ukali na akili, na kituo leo kiko mikononi mwa wenyeji. Sikufichi kwamba nawajua pia ambao jengo lao sasa linafugiwa kuku.

Mwisho wa mwezi ni tarehe waliyoipanga wao. Waombe wiki sita, useme unataka majibu ya maswali yako na ya kaunti kwa maandishi. Alhamisi hii, kabla akina mama hawajatawanyika, wasomee mpango huo wa kituo kama ulivyo, na uwaulize wao wangezitumia vipi fedha hizo. Nasikitika kwamba katika shauri zima hili hakuna aliyewauliza. Kisha keti na mumeo na lile daftari. Wakikujibu kuhusu jengo na jina litakaloandikwa kwenye hati, niandikie tena, nami nitakujibu upesi.

Msalimie mama, na yule mzee wa Langoni.